Dundee, Mji Usioficha Vituko Vyake

Jamani, hivi ni ugonjwa gani umewapata watu wetu wanaofika Uskoti? Mtu anajinyima, anakata tiketi ya ndege, anatua Edinburgh, anapiga picha mbele ya ngome, anauliza Mwalimu Nyerere alisomea jengo gani kabla ya kuhitimu mwaka 1952, ananunua kile kisketi cha kiume cha mirabaraba ambacho mkewe hatamruhusu kukivaa hata sebuleni, kisha anarudi akijigamba kwamba Uskoti ameimaliza. Ukimuuliza, "Na Dundee ulifika?" anakukodolea macho. "Dundee kuna nini?" Eti kuna nini! Nasonya mpaka mate yananikauka. Saa moja na ushei kwa treni, unavuka hori mbili pana za bahari juu ya madaraja mawili, unashushwa hatua chache kutoka majini, na mtu mzima mwenye akili zake anauliza kuna nini.

Haya, sogea, benchi halijajaa. Kuna mji ambao umefanya karibu kila kituko anachoweza kukifanya binadamu, na badala ya kukifukia umekianika hadharani, ukakiwekea kibao na kukisimamishia sanamu. Miji mingine ikiboronga hukaa kimya ikaomba watu wasahau. Dundee unakushika mkono: njoo uone, hapa ndipo tulipoharibu, na pale nako tuliharibu. Mji wa namna hiyo naupenda, wallahi, naupenda hata ninapotikisa kichwa.

Anza na daraja unaloingilia. Treni ikianza kuukata mto Tay, weka simu mfukoni uchungulie mkono wa kulia. Utaona visiki vimejipanga majini, sambamba na daraja, havibebi kitu. Hizo ni nguzo za daraja la kwanza. Lilifunguliwa Juni 1878, likiwa refu kuliko daraja lolote la wakati ule, zaidi ya kilomita tatu, na mhandisi wake, Thomas Bouch, akaitwa na Malkia Victoria akatunukiwa cheo cha Sir. Nderemo na vifijo! Ikaja Jumapili usiku, tarehe 28 Desemba 1879, tufani inavuma, na sehemu ya katikati, ile iliyoinuliwa ili meli zipite chini, ikaporomoka na treni ikiwa juu yake. Hakupona hata mmoja. Watu wa wakati ule walikadiria roho 75. Waliothibitishwa kwa majina ni 59.

Tume ikakaa, ikachimba, na yaliyoibuka ni ya kushika kichwa. Bouch hakuupigia upepo hesabu ya maana. Upepo, huko Uskoti, kwenye mdomo wa mto unaotazama Bahari ya Kaskazini! Na kiwandani, nguzo za chuma zilipotoka na matundu, mafundi waliyaziba kwa mchanganyiko wa nta ya nyuki, ulimbo, masizi na unga wa chuma, wakasugua mpaka pakang'aa, mkaguzi akapita akaridhika. Nta ya nyuki kwenye nguzo ya kubeba treni! Nani kati yetu hajamjua fundi wa aina hiyo? Anaziba ufa kwa rangi, anapokea hela yake, mvua ya kwanza ikinyesha simu haipokelewi. Bouch mwenyewe hakumaliza mwaka. Alifariki Oktoba 1880. Kichwa cha treni kilichozama, hata hivyo, waliona ni hasara kukiacha. Wakakiopoa, wakakitengeneza, wakakirudisha kazini, na wafanyakazi wa reli wakakibandika jina la Mzamiaji. Mihimili ya chuma iliyosalimika nayo ikahamishiwa kwenye daraja jipya lililofunguliwa 1887. Ndilo hilo unalolipita leo ukitafuna karanga zako.

Matanga hayajaanuliwa, akajitokeza mshairi. Ee Mola! William McGonagall, mfumaji wa vitambaa, mwaka 1877 alisikia ghafla moyoni kwamba ameitwa kutunga mashairi. Daraja lilipokuwa limesimama alilisifu, lilipoanguka akalilia, lilipojengwa jingine akalisifu tena bila hofu yoyote. Sasa mashairi yenyewe! Mstari mmoja una mizani ya sentensi, unaofuata una mizani ya hotuba, na vina amevikokota kwa kamba. Muyaka bin Haji angeyasikia angefufuka kuja kumnyang'anya kalamu. Wajuzi wa ushairi wa Kiingereza hawagombani juu yake: mbovu kuliko yeye hajatokea.

Lakini moyo aliokuwa nao mtu yule, msiuchezee. Julai 1878 alitoka Dundee kwa miguu, akakata milima kwenye mvua na radi mpaka kasri la Balmoral, mwendo wa siku kadhaa, ili amsomee malkia mashairi yake. Getini mlinzi akamwambia mshairi wa malkia ni Tennyson, si yeye, ageuze arudi. Akageuza. Akarudi kwa miguu vilevile, viatu hoi, na wala hakukata tamaa. Aliwahi kuigiza Macbeth jukwaani, na ilipofika pale Macbeth anapopaswa kuuawa, yeye alikataa kufa! Aliona mwenzake anataka kumpora sifa, basi akaendelea kupigana na panga lake huku ukumbi mzima ukipiga mayowe. Baadaye akawa anasoma mashairi kwenye sarakasi na watu wanamtupia mayai, samaki na viazi, na yeye anaendelea kusoma. Leo ukitembea kando ya mto huko Dundee, maneno yake yamechongwa ardhini kwenye njia ya waenda kwa miguu. Unayakanyaga. Mji una washairi wazuri wa kuchagua, wao wakamchagua huyu, na nadhani walichagua kwa haki, kwa sababu hakuna aliyeupenda mto ule kumshinda.

Haya, tufike kwenye maji yenyewe, maana hapo ndipo damu yangu inapochemka. Dundee umezaliwa na maji. Nyangumi, juti, meli, vyote viliingilia mtoni. Gati zake zilikuwa zinaingia mpaka kifuani mwa mji, na mbele yake lilisimama tao kubwa la mawe lililojengwa kukumbuka ziara ya Malkia Victoria ya mwaka 1844. Wazee wa mji wakakaa miaka ya sitini wakaamua wanataka daraja la magari. Vizuri, daraja ni jambo jema, na lile la magari lililofunguliwa 1966 bado linawafaa. Ila mguu wa daraja wakautaka palepale, katikati ya mji, kwenye gati. Basi wakalivunja tao mwaka 1964, kifusi chake kikaenda kujaza kina cha maji, gati zikafukiwa, juu yake zikamwagwa barabara za magari ya kasi, na mbele ya mto likapandishwa ghorofa la ofisi za serikali za mitaa, refu, la kijivu, lisilomtazama mtu usoni. Mkazi wa Dundee akitaka kuona mto wake aliozaliwa kando yake, inabidi apande madaraja ya zege juu ya magari, akishuka upande wa pili anapokewa na maegesho. Mtu na mto wake! Miaka karibu 40 waliishi hivyo.

Halafu 2001 wakazinduka. Wakaandika mpango wa miaka 30 na pauni bilioni moja, wa kufanya nini? Wa kurudi mtoni. Yaani kubomoa walichojenga ili wapate walichobomoa. Lile ghorofa la ofisi wakalibomoa ngazi kwa ngazi, madaraja ya zege yakaondolewa, barabara zikapangwa upya, mafundi walipofukua wakakutana na misingi ya lile tao lao walilolizika wenyewe. Hapo sicheki. Kuna watu wanaona kosa lao, wanaona gharama ya kulirekebisha, wanaamua kufa nalo. Hawa walilipa.

Na jengo walilolipia zaidi ni jumba la makumbusho ya usanifu, V&A Dundee, lililofunguliwa tarehe 15 Septemba 2018. Kazi ya Mjapani Kengo Kuma. Mchoro wake wa kwanza ulilitupa jengo mtoni kabisa. Wakapiga hesabu, wakalirudisha ukingoni. Walianza wakisema pauni milioni 45, wakamaliza na milioni 80. Hesabu hiyo kila kijiwe duniani kinaijua kwa moyo, na vijiwe vya Dundee vililalama mpaka povu. Lakini nenda ukasimame chini yake. Kuta hazijasimama wima hata moja. Zimeinama, zimejipinda, na juu yake vimetundikwa vibamba vya mawe ya kutengenezwa vipatavyo 2,500, vimelala mlalo, kimoja kimejitokeza, kingine kimerudi nyuma, na jua likizunguka kivuli kinahama kutoka kibamba hadi kibamba. Kuma alisema alichukua sura ya magenge ya pwani ya Uskoti. Katikati ya jengo ameacha uwazi, na ukitokea upande wa mjini unauona mto kupitia tumboni mwake. Hapo nilinyamaza, mimi nisiyenyamaza. Baada ya miaka yote ile ya kuzibiwa, mtu amejenga jumba kubwa na kulitoboa ili wenye mto wauone.

Kuingia humo ni bure, maonyesho ya msimu tu ndiyo yanalipiwa. Ndani kuna chumba kizima cha mbao za mwaloni alichokibuni Charles Rennie Mackintosh kwa mgahawa wa chai wa Glasgow mwaka 1907. Glasgow walikifungua vipande vipande, wakakiweka ghalani karibu miaka 50, wakakisahau huko. Dundee wakaviomba vile vipande, wakaviunganisha, sasa watu wanaingia wanashika midomo. Glasgow, mpo?

Hatua chache pembeni imetia nanga Discovery. Meli ya mbao, ilijengwa hapohapo Dundee, ikashushwa majini Machi 1901 kumpeleka Kapteni Scott kuchunguza barafu ya Antaktika. Ikafika, na barafu ikaishika. Ikakaa imeng'ang'aniwa miaka miwili! Wakaletewa meli ya msaada, haikuifikia. Wakaletewa mbili, na moja kati ya hizo, Terra Nova, nayo ilijengwa Dundee. Wakapiga baruti kwenye barafu mpaka ikaachia, Februari 1904. Nyumbani Dundee ilirudi kwa kudumu mwaka 1986. Ukiingia chini kwenye vyumba vya maofisa utaona vimezunguka meza moja ndefu, kila mlango unatazama uso wa mwenzake. Miaka miwili ya kuamka na kuona uso uleule, giza la miezi nje. Mimi na ndugu zangu wa damu tusingemaliza wiki bila kushikana mashati.

Sasa nyangumi. Hii msiniharakishe. Dundee ulikuwa mji wa wawinda nyangumi, meli zao zinakwenda mpaka Aktiki, mabaharia wanagandishwa huko miezi na miezi kutafuta mnyama. Mwishoni mwa 1883, meli zikiwa zimefunga gatini kwa majira ya baridi, nyangumi akaingia mwenyewe mto Tay. Mwenyewe! Anakula samaki wake, anaruka, anaonekana kutoka mjini. Watu wakajaa ukingoni kumtazama. Mabaharia wakaona hii ni dharau. Tarehe 31 Desemba wakamchoma chusa, naye akazivuta boti zao baharini usiku kucha, na merikebu ya moshi juu, mpaka kamba zikakatika akaondoka. Wawindaji wakubwa wa Aktiki, mlangoni kwao, wamemkosa. Baada ya wiki wavuvi wengine wakamkuta anaelea amekufa, wakamvuta mpaka Stonehaven, wakamuuza mnadani.

Akamnunua mfanyabiashara mmoja wa mafuta wa Dundee, John Woods, kwa pauni 226. Akamweka uwanjani kwake, akatoza kiingilio, watu wakaja kwa treni maalumu kuona nyangumi aliyeoza. Harufu yake hata sitaki kuisimulia. Akaja Profesa Struthers kutoka Aberdeen kumpasua kwa ajili ya sayansi. Woods hakukubali biashara ilale: akauza tiketi za upasuaji, akaleta bendi ya jeshi ipige muziki. Profesa amezama kwenye utumbo, bendi inapiga, umati unapiga makofi! Kisha akamjaza, akamshona, akamzungusha nchi nzima. Na mshairi wetu? Alimwandikia shairi, mlidhani ataacha? Mifupa yote inaning'inia leo katika makumbusho ya McManus, bure kuitazama, na kando ya V&A wamesimamisha sanamu ya nyangumi. Mnyama waliyemnyanyasa sasa ndiye nembo ya watoto kuchezea.

Mafuta ya nyangumi yalikuwa na kazi yake. Juti ilitoka Bengal ikiwa kavu na ngumu. Ukiilainisha kwa mafuta hayo inakubali mashine. Basi Dundee ukaifumia dunia magunia. Viwandani waliwataka wanawake na watoto, kwa kuwa ujira wao ulikuwa mdogo; kijana akifikisha miaka 18 na kustahili malipo ya mtu mzima, anaonyeshwa mlango. Mama akawa ndiye mwenye kuleta mkate, baba amebaki nyumbani na watoto, na mtaa mzima ukawaita wanaume hao wachemsha birika. Naona mnageuza nyuso, wazee wangu. Wanawake wale walizungumza kwa ishara na kusoma midomo kwa sababu ya kelele za mashine, na wakitoka nje sauti zao zilisikika mtaa wa pili, na bosi aliyekata mishahara alizisikia kabla ya wengine. Mary Slessor alikuwa mmoja wao, binti wa kiwandani tangu akiwa na miaka 11, kabla ya kwenda Calabar, Nigeria, mwaka 1876 kama mmisionari na kufia huko. Bustani kubwa mbele ya mto ina jina lake.

Na matajiri wa juti? Hao ndio wa kusonywa. Waliona juti inaota Bengal, vibarua wa Bengal wanalipwa kidogo zaidi, wakapeleka mitaji, mashine na mafundi wa Dundee kwenda kujenga viwanda Calcutta. Calcutta ikaipita Dundee, matajiri wakaendelea kupokea faida kwenye majumba yao ya Broughty Ferry, na wachemsha birika hawakuwa tena na mke wa kumsubiri kutoka kiwandani. Kiwanda cha mwisho kilifungwa 1999. Nenda Verdant Works, kiwanda kilichogeuzwa makumbusho, uombe wakuwashie mashine moja. Moja tu. Halafu ufikirie mamia, kutwa nzima, na mtoto wa miaka 11 katikati.

Siasa nazo! Winston Churchill alikuwa mbunge wao tangu 1908. Mwaka 1922 wakamtupa nje, na mmoja wa waliochukua viti viwili vya mji alikuwa Edwin Scrymgeour, mtu ambaye sera yake kuu ilikuwa kupiga marufuku pombe. Alikuwa akigombea na kuangushwa, akigombea na kuangushwa, mpaka ikawa. Dundee, mji wenye mabaa kila kona, ukamchagua mpinga pombe ili tu usimwone Churchill! Huyo mzee hakusahau. Mwaka 1943, dunia nzima inamshangilia, madiwani wakapiga kura 16 kwa 15 kumpa heshima ya uhuru wa mji, naye akaikataa. Kura 16 kwa 15, jamani. Hata wakati wa vita hawakuweza kukubaliana.

Mpira nitaugusa kidogo, nikikaa nao hatutoki hapa. Dundee FC na Dundee United viwanja vyao viko mtaa mmoja, umbali wa mpira wa kipa. Jangwani na Msimbazi ni jirani, lakini si kwa kiasi hicho. Mwaka 1983 United walichukua ubingwa wa Uskoti wakiwa kwenye uwanja wa jirani, kwa kumfunga jirani mwenyewe 2-1 siku ya mwisho; kuna watu mtaa ule hawajasalimiana tangu hapo, na nawaelewa. Na mkikutana na shabiki wa Barcelona anayejisikia, mwambieni hivi: mechi nne za mashindano amecheza na Dundee United, mbili za 1966 na mbili za 1987, na zote nne amefungwa. Zote! Vijana nao, mnaokesha kwenye mabanda ya geimu mkiiba magari ya Grand Theft Auto, geimu hiyo ya 1997 ilitengenezwa na kampuni ya vijana wa Dundee. Mama zenu wakitaka pa kupeleka malalamiko, anwani ndiyo hiyo.

Ukivuka mto kusini, ni mwendo mfupi kwa gari mpaka St Andrews. Chuo chake ni cha 1413, na wasomi wake wanaogopa herufi mbili, PH, zilizopangwa kwa mawe ardhini. Ni herufi za Patrick Hamilton, aliyechomwa moto hapo 1528 kwa imani yake. Mwanafunzi akizikanyaga, wanaamini, atafeli. Basi utaona madaktari watarajiwa wanaruka pembeni wakiwa na mabegi ya vitabu. Na aliyekanyaga ana dawa: alfajiri ya tarehe 1 Mei anakimbilia Bahari ya Kaskazini, anajitumbukiza. Mamia wanakwenda, wanapiga yowe, midomo ya buluu. Baadaye tunaambiwa ushirikina ni wetu sisi.

Gofu ndiyo dini ya pale. Mfalme aliipiga marufuku mwaka 1457 kwa kuwa watu wanaacha mazoezi ya upinde, wafalme waliofuata wakarudia marufuku, na hilo lakuambia jinsi lilivyotiiwa. Uwanja wao wa kale, ambao matajiri wa dunia nzima hupiga foleni ya bahati nasibu ili waupate, Jumapili hufungwa kwa mchezo, watu wa mji wanapitisha mbwa. Hapo nawapigia saluti. Lakini kisa cha gofu kinachoniuma kiko Carnoustie, mashariki ya Dundee. Mwaka 1999, Mfaransa Jean van de Velde aliingia shimo la mwisho la The Open akiongoza kwa mikwaju mitatu. Angeweza kuusukuma mpira polepole mpaka kombe. Yeye akapiga kwa nguvu zote. Ukagonga jukwaa, ukaenda majanini, ukaingia kijito. Akavua viatu, akavua soksi, akakunja suruali, akashuka majini kuutazama mpira unaozama, dunia nzima ikimwangalia! Mikwaju saba. Kombe likaenda kwa Paul Lawrie wa Aberdeen, aliyeanza siku hiyo mikwaju kumi nyuma. Mfaransa yule sijamsamehe hadi leo.

Endelea na pwani mpaka Arbroath ukale samaki. Ni haddock, wanafungwa wawili wawili mkiani, wananing'inizwa juu ya moshi wa mbao ngumu, chini ya magunia yaliyoloweshwa, wanaiva kabisa. Sheria hairuhusu kuwaita kwa jina la Arbroath kama hawakutengenezwa ndani ya kilomita nane za hapo. Kula kwa mkono, wakiwa moto. Ukishiba tazama uwanja wa mpira, umepakana na bahari. Tarehe 12 Septemba 1885 Arbroath waliwafunga Bon Accord 36-0. Thelathini na sita! Na siku hiyohiyo, Dundee Harp walikuwa wanawafunga Aberdeen Rovers 35-0. Inasimuliwa kwamba mwamuzi alihesabu 37, lakini kiongozi wa Harp, mtu mwaminifu, akamwambia hapana, sisi tumehesabu 35. Rekodi ya dunia wakaitoa kwa mikono yao. Uaminifu kama huo ukiukuta leo kwenye mpira, nipigieni simu.

Glamis ngome ipo, nzuri, ndiko alikokulia mama yake Malkia Elizabeth wa Pili, na inasimuliwa kuna chumba cha siri; wageni waliwahi kutundika taulo kila dirisha walilolifikia, wakatoka nje wakaona dirisha lisilo na taulo. Mwenye nyumba akarudi akawaka. Mimi nawauliza: mgeni, nani amekutuma uhesabu madirisha ya watu?

Rudi Dundee jioni, maana kuna moja sijalisema na linanikaa kooni. Baada ya ule mpango wa bilioni, baada ya kubomoa ghorofa lililoziba mto, baada ya Kuma kulitoboa jengo lake ili watu waone maji, halmashauri imeruhusu jengo jingine kubwa lipandishwe palepale mbele ya stesheni ya treni, kati ya abiria anayeshuka na V&A yake. Watu maelfu walitia saini kupinga. Limejengwa. Ukitoka stesheni leo, badala ya kupokewa na jumba la milioni 80, unapokewa na madirisha ya ofisi. Lahaula! Si juzi tu tulitoka huko? Mmeweka kibao kwenye nguzo za Bouch, mmemchonga McGonagall ardhini, mmemtundika nyangumi darini. Hili nalo liandikieni kibao, mapema, wakati waliolipitisha bado wapo hai wa kukisoma.